Idi Imekutana na Machipuko: Hotuba kwa Mafundi wa Wete

Haya ni maneno niliyoyasema Wete, Pemba, mwezi wa Rajabu, mwanzoni mwa 2026, mbele ya mafundi cherehani na wauza vitambaa wanawake. Wengi waliotaka kuja hawakuwahi, wengine safari, wengine harusi. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, na umeme nao ulituacha katikati.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliokaa nyuma karibu na mlango mkidhani sikuoneni. Ahsanteni kwa kuniita. Mimi mtoto wa hapa hapa. Cherehani ndiyo iliyonivusha bahari ikaniweka Mlandege, mjini Unguja. Nilianza kushona kwa malipo mwaka 2000. Wa rika langu mnaukumbuka mwaka ule: tulisali Idi ya Ramadhani mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Januari mwanzoni na Disemba mwishoni. Nikapata pesa za sikukuu mara mbili. Nikasema moyoni, loo, kumbe kazi hii ina neema! Nikakaa nikisubiri mwaka wa pili uwe vile vile. Mpaka leo nasubiri. Wajuzi wa hesabu wananiambia ni 2033, Mungu akitupa umri.

Nimeambiwa nizungumze juu ya fesheni ya wanawake ya machipuko na kiangazi. Nikamuuliza aliyenipigia: machipuko ya wapi, mwanangu? Akanijibu, "Yale ya kwenye simu, bibi, wateja wanayotuletea."

Haya, tuanze na yale ya kwenye simu.

Nani humu ndani hajawahi kuletewa picha ya gauni akaambiwa "nataka hii hii, usibadilishe kitu"? Nyoosheni mikono. Naona hata mmoja hakuna. Sasa niulize la pili: nani aliwahi kumuuliza mteja, gauni hili lilikatwa livaliwe mwezi gani, na katika hewa gani? Naona mmenyamaza.

Gauni lile lina kalenda yake. Nguo za machipuko na kiangazi huonyeshwa New York, London, Milan na Paris kuanzia Septemba mpaka siku za mwanzo za Oktoba. Nguo za baridi huonyeshwa Februari na Machi. Nusu mwaka kabla, ili maduka yaagize na viwanda vishone. Na kabla ya fundi wa kule hajatia mkasi, wenye vitambaa wameshaonyesha vyao, karibu mwaka mzima nyuma. Na kabla yao, wapo watu kazi yao kubashiri rangi. Kwa hiyo rangi anayokuonyesha mteja leo akikwambia "ndiyo imetoka sasa hivi", watu waliishaikalia kikao zamani.

Septemba hiyo sisi tuko wapi? Kusi limelegea, demani imeingia, karafuu ziko juu ya majamvi. Wao wanafikiria jua la Aprili. Na Aprili inapofika, wao wanavua makoti, sisi tunatafuta miavuli.

Hawajakosea wao. Wanashonea kwao. Aliyekosea ni mimi, na nitakwambieni nilivyokosea.

Kwa mwaka 2024 ile kampuni ya Marekani ya Pantone, inayotangaza rangi ya mwaka kila Disemba, ilitangaza rangi ya pichi, wenyewe waliita Peach Fuzz. Nikaiona kila mahali. Magauni marefu ya shifoni, mepesi, yanaelea, yanaburura nyuma kama mkia wa tausi. Nikaingia Mchangani, kwenye maduka ya vitambaa mjini Unguja, nikachukua majora mawili ya shifoni kwa mkopo. Nikakata magauni kwa ajili ya Idi, yote rangi ile, yote pindo linagusa chini. Idi ya mwaka ule ilikuwa tarehe 10 Aprili. Hebu niambieni, 10 Aprili ni nini kwetu?

(Ukumbi: "Masika!")

Masika! Mimi niliyezaliwa hapa, niliyelala chini ya bati la hapa, nilihitaji kuulizwa swali hilo na nyinyi? Yaliuzwa yote, tena kwa kugombaniwa. Sikukuu mosi wakatoka nayo viwanjani, na jioni mvua ikashuka. Sikukuu tatu asubuhi mteja wangu mmoja akaja, mtu mpole sana, hajawahi kunipandishia sauti. Akalitoa gauni kwenye mfuko, akalitandaza juu ya meza yangu, pindo limegeuka rangi ya udongo mpaka magotini, na kitambaa kimesinyaa kwenye mshono. Akaniangalia. Akasema, "Fundi, umenishonea deki."

Cheka tu, mwanangu. Mimi nilicheka baada ya miezi sita.

Tena joto. Kabla ya mvua kulikuwa na joto la kutoa roho, na shifoni ile ilikuwa poliesta tupu. Gauni linaelea kwenye picha. Kwenye mwili wa mtu aliyekaa ndani ya daladala ya Idi linanata kama karatasi ya halua.

Ndiyo nikaleta kiberiti leo. Mama uliyekaa mbele, nichomolee nyuzi mbili katika kipande hiki, na mbili katika hiki. Ahsante. Tazameni. Huu wa kwanza unawaka kama karatasi, una harufu ya karatasi, na umebakisha jivu laini, ukiligusa linapotea. Hiyo pamba. Sasa huu wa pili. Mnaona? Haukuwaka, umejikunja, umeyeyuka, umefanya kidonge cheusi kigumu, na moshi wake unanuka plastiki. Hiyo poliesta. Muuzaji atakwambia "hii kotoni, dada, kotoni safi". Usibishane naye. Omba uzi, toka nje, washa kiberiti.

Kwa nini nalishikilia hili? Pamba, katika hewa ya kawaida, inashika unyevu kiasi cha 8% ya uzito wake bila hata kuonekana imelowa. Kitani kinafika 12%. Poliesta haifiki hata nusu ya 1%. Jasho lako litakwenda wapi? Litabaki pale pale ulipo, mnavaa pamoja. Kule kwao, kiangazi kikavu chenye upepo, mtu ataivumilia. Kaskazi ya kwetu, Februari na Machi, hewa yenyewe imeshashiba maji.

Hapo najua kuna aliyeshika buibui lake akajiuliza, na mimi je? Mwaka 1980 jarida la Nature lilitoa utafiti juu ya Mabedui, kwa nini wanavaa joho jeusi jangwani. Wakapima, wakakuta joto linalofika mwilini ni sawa, joho liwe jeupe au jeusi. Siri ni upana: joho linapwaya, hewa inapita chini inatokea juu, lile joto la ziada linalonaswa na weusi linapotea kabla halijafika kwenye ngozi. Lakini jangwa ni kavu, jasho linakauka upesi, Pemba si kavu. Na nida, kile kitambaa cha mabuibui, nyingi tunazoshonea ni poliesta. Kwa hiyo fesheni ya mabuibui ya kubana mikono na kiuno, mimi naishona, pesa ni pesa, ila mteja namwambia ukweli: umenunua buibui, umeacha hewa.

Sasa jambo la pili, nalo nalisema kwa sababu nimechoka kusikia kwamba fesheni inatoka kwao inakuja kwetu kama mvua.

Jamani, wanawake wa visiwa hivi walikuwa wakiwatoa jasho wafanyabiashara wa dunia tangu enzi za bibi zetu. Miaka ya 1830 meli kutoka Salem, Marekani, zilikuwa zinaleta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Ndiyo merikani, jina limebaki mpaka leo. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, vikaikata biashara ile, wengine wakaingia. Halafu kanga. Inasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso za mraba kabla hazijakatwa moja moja, wakachukua vipande sita, vitatu juu, vitatu chini, wakaviunganisha vikawa nguo moja. Nani aliwafundisha? Hakuna. Fundi na mtoa fesheni ni yule yule. Baadaye viwanda vya Ulaya na India vikaanza kuchapa nguo nzima yenye pindo pembeni na mji katikati, kwa sababu sisi ndio tulioitaka hivyo.

Bibi yangu alikuwa hajui kusoma herufi za kizungu, lakini akisikia kanga mpya imefika dukani alikuwa anajua jina lake kabla mwenye duka hajafungua jora. Siku moja alikwenda harusini na doti yenye jina "Hasidi hana sababu". Akamkuta jirani, mtu waliyekuwa hawasemezani, amevaa doti hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo. Kila mmoja alidhani anamwambia mwenzake. Walikaa mkeka mmoja usiku mzima, wanatazama mbele. Bibi aliporudi aliikata kanga ile vipande vya kufutia masufuria. Mwaka ule haijafika hata Mfungo Sita tangu kuinunua! Mnasema fesheni za siku hizi zinapita upesi?

Kwa hiyo sisi tuna misimu yetu. Tatizo ni kwamba hatuihesabu tunapokata nguo. Msimu wa kwanza unakwenda kwa mwezi wa angani: Idi. Unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Nilipoanza kazi ulikuwa Januari. Ukarudi vuli, ukarudi demani, mwaka 2016 ulikuwa Julai kwenye kipupwe, tukashona mikono mirefu na vitambaa vizito bila mtu kulalamika. Ukaingia masika, ndipo nikashona deki. Sasa unatoka masika unarudi kaskazi. Fundi anayetunza daftari la mwaka jana akadhani litamfaa mwaka huu, ataponea kidogo. Anayetunza la miaka kumi limempoteza. Na mwenye daftari la miaka 33, maana baada ya hapo Idi hurudi pale pale, huyo aniuzie.

Msimu wa pili unakwenda kwa jua: Nairuzi, ile sikukuu ya mwaka mpya, Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Julai. Siku ile wanawake wanatoka na nguo zao bora, na haihami kama Idi. Wa huku Pemba hamuuzi sana kwa ajili yake, nauruka.

Wa tatu ni wenu, na Paris hawaujui kabisa: karafuu. Nani hapa ameshona sare ya harusi mwaka ambao mikarafuu haikuzaa? Wachache. Mikarafuu ikizaa, hata mtu aliyekuwa na doti mbili anaagiza gauni la lesi na bitana ya satini. Mama mmoja wa Konde alikuja kwangu Unguja na pesa zina harufu ya karafuu, wallahi, noti zenyewe! Nikazipanga kwenye droo, droo ikanukia wiki nzima. Huwezi kununua vitambaa vya mwaka mzima kwa kutazama simu pasi na kutazama miti.

Na wa nne ni wageni. Watalii wengi wanakuja Julai na Agosti, kiangazi chao kiko kileleni, chetu ni kipupwe. Halafu wanakuja tena Disemba mpaka Februari, wanakimbia baridi. Masika hawaji, hoteli nyingine zinafunga milango. Hawa ndio wanaotaka hasa nguo za kiangazi: kitani, poplini, nyeupe, mikono mifupi, vitobotobo vya kudarizi.

Hapo nina kisa. Mgeni mmoja Julai aliniletea blauzi yake nyeupe ya pamba, kifua kizima kimedariziwa vitobo vidogo vidogo. Fesheni ile hurudi kwao karibu kila kiangazi. Akataka mbili. Nikatafuta kitambaa cha namna ile Darajani na Mchangani, sikupata. Kisha nikakitazama kile kifua karibu, nikakigeuza nyuma, nikasema, mbona hii ni kofia! Mkono ule ule, kitobo kinazungushiwa uzi mpaka kinakaza. Binamu yangu anashona kofia za vitobo tangu msichana. Nikampelekea kitambaa. Akaniuliza, "Anaondoka lini huyo?" Nikamwambia wiki ijayo. Akacheka mpaka akakaa chini. Kofia ya mkono inakula miezi, mnajua wenyewe. Kifua kimoja kilimchukua siku 19, na mgeni alishapanda ndege zamani, na malipo ya awali sikuchukua kwa sababu ya haya zangu. Blauzi ikaning'inia. Akaja bi harusi mtarajiwa wa Chake, akaiona, akainunua kwa bei mara mbili ya ile niliyomtajia mgeni, akaivalia siku ya pili ya harusi yake. Tangu hapo binamu yangu hashoni kofia peke yake. Na mimi malipo ya awali nachukua, hata kwa ndugu.

Sasa tuje kwenye mwaka huu, maana naona saa inakimbia na wengine mna futari za sunna.

Mwaka huu 2026 limetokea jambo. Idi, mwezi ukiandama, itakuwa tarehe 20 au 21 Machi. Na tarehe 20 Machi ndiyo siku jua linapokaa sawa juu ya ikweta, siku ambayo Ulaya wanaihesabu ndiyo mwanzo wa machipuko. Sikukuu yetu na msimu wao vimekutana mlango mmoja. Maana yake ni nini? Maana yake picha zote za msimu mpya zitafika kwenye simu za wateja wenu wiki zile zile mnazopokea kazi za Idi. Zile nyumba kubwa za fesheni za Paris, Dior na Chanel, zote zimepata mafundi wakuu wapya, na makusanyo yao ya kwanza ya wanawake, yale yaliyoonyeshwa Paris Oktoba, ndiyo ya msimu huu wa machipuko. Mtaletewa. Na Pantone rangi yao ya mwaka huu ni nyeupe. Ndiyo, nyeupe! Wameiita Cloud Dancer. Mawingu yatakuwepo Machi, hilo hawakukosea.

Mtafanya nini na nyeupe, Machi mwishoni, kaskazi inakatika na masika inabisha hodi? Mimi nitashona nyeupe juu, chini nitaweka maua au rangi inayoficha udongo. Pindo nitalipandisha mpaka kwenye kifundo cha mguu, wala stara haipungui, na ndani nitakunja inchi tatu ili mwenye kutaka refu alishushe mvua zikiisha. Bitana ya pamba, hata kama juu ni shifoni. Anayetaka gauni la kuburura, mpeni, lakini mwambieni.

Na mkumbuke kitu kimoja kuhusu mapindo marefu. Februari 1947 Christian Dior alitoa nguo zake za kwanza, zilikuwa za msimu huu huu wa machipuko na kiangazi. Sketi pana, ndefu, zinameza kitambaa mita kwa mita, vita ndiyo kwanza vimekwisha na Uingereza nguo bado zinagawiwa kwa kuponi. Dunia ikashangaa. Mnajua nani alimpa Dior mtaji? Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya pamba. Simsemi vibaya, mshono ulikuwa mzuri. Lakini mteja akikuletea gauni linalokula yadi tisa, jiulize nani anauza yadi. Wauza vitambaa mliomo humu, nisameheni, nami nina deni kwenu.

Jengine la Idi hii. Sikukuu yetu siku nne: mosi, pili, tatu, nne. Mteja anataka magauni manne, mfuko wake una mawili. Kule kwao sasa vivazi vya vipande viwili vimeshika, blauzi na sketi. Chukueni hilo. Blauzi mbili na sketi mbili, zikakatwa kwa rangi zinazokubaliana, zinatoa mivao minne. Siku nne. Mteja amelipa kazi mbili, ameonekana na nguo nne, na viwanjani Tibirinzi hakuna atakayejua isipokuwa fundi mwenzako. Naye mwambieni asiseme.

Mwisho kabisa, karatasi za kukatia sketi ile yenye pindo la kukunjwa ninazo kumi na mbili tu, na humu naona mmezidi sitini. Anzeni na wenye watoto wadogo. Kiberiti nakiacha mezani, kila mmoja achome uzi wa nguo aliyokuja nayo, na asiyependa jibu lake asinilaumu mimi.